Msikilizaji wa Ghorofani

Naam ya kwanza aliitoa Kificho, ya pili Bi Time, ya tatu Mwanapili. Ya nne ilitoka ngazini, na ngazini hapakuwa na mtu.

Masoud hakuishughulikia. Masoud akishaanza kusimulia hashughulikii kitu, hata umwambie kanzu anayoishona inaungua. Fundi cherehani huyu wa Sokomuhogo alikuwa na mdomo mpana kuliko duka lake. Kushona alijua kiasi. Kanzu yake hutoka bega moja juu na moja chini, na mteja akinung'unika huambiwa bega lake ndilo lenye ila. Lakini kwenye hadithi, hakuwa na mwenziwe. Na hadithi zake hazikuwa za sungura na fisi. Zilikuwa za mauaji: mji mdogo wa pwani, kila mtu anamjua mwenziwe mpaka kikohozi chake, na asubuhi moja mmoja wao anakutwa maiti. Hapo ndipo anapoingia Inspekta Mkubwa, mwanamume mrefu, hacheki, masharubu ameyakata membamba kama uzi. Masoud naye masharubu yake aliyakata membamba kama uzi. Usiniulize mimi, kiulize kioo chake.

Mwaka ule ulikuwa wa foleni. Foleni ya mchele, foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na ukishafika mbele unaambiwa imekwisha, rudi kesho. Watu walirudi majumbani na vikapu vitupu na hasira zimewafika shingoni, na baada ya sala ya Alasiri waliingia kwa Masoud, wakakaa juu ya majora ya nguo, angalau wasikie jambo moja lenye mwisho. Maskini. Hata huo mwisho Masoud alikuwa hautoi. Jua likikaribia kuchwa, hadithi imefika penye utamu, yeye huondoa mguu kwenye pedali.

"Inspekta Mkubwa akaushika mlango," husema, "akausukuma taratibu, na nyuma yake akaona..."

"Naam," huitikia wote.

"Akaona mtakachokijua kesho."

Kificho, mchukuzi wa bandarini, alikuwa akitoka hapo akisonya mpaka Darajani. "Mtu huyu naye foleni," alisema. "Nnatoka foleni ya mchele, nnaingia foleni ya maiti."

Pale dukani palikuwa na sharti. Masoud akimaliza kipande, wasikilizaji waitikie naam. Asiyeitikia anaambiwa akasikilize redio. Naam ikichelewa, cherehani kinasimama na hadithi inasimama nacho. Na naam tamu kuliko zote ilikuwa ya Mwanapili, mkewe. Yeye alikaa kwenye mkeka ubavuni mwa cherehani akidarizi kofia za viua, na hadithi ikipamba moto sindano humsimama mkononi, macho yakatoka, akaacha hata hiyo naam akauliza kwa sauti ndogo, "Ikawaje?"

Wanawake wengine hulainishwa kwa kanga mpya. Mwanapili alilainishwa kwa maiti. Waungwana wawili wenye maduka yao walimposa akawakataa, kwa sababu Masoud alikuwa hajamwambia nani aliyemsukuma bibi harusi kisimani. Akaolewa ili ajue. Mpaka leo hakuambiwa, na Masoud mwenyewe hamjui aliyemsukuma. Hiyo ndiyo siri ya fundi wetu: alikuwa akibuni mbele kwa mbele, neno likimjia analitupa, na nyuma haangalii. Lakini bila ya lile "Ikawaje?" asingeweza kubuni hata bei ya kifungo. Alilijua hilo. Hakulisema, maana angelisema angebaki na nini cha kujisifia?

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, ya ghorofa. Wenyewe walisafiri mwaka wa sitini na nne, hawakurudi tena, na Masoud akapewa chumba cha chini. Juu palifungwa kufuli, ngazi zikaachiwa buibui.

Basi hadithi iliyokuwa ikisimuliwa siku zile ilikuwa ya mwenye tanu. Tajiri wa mji, mwenye tanu ya kukaushia mbata za nazi, amekutwa amekufa kitandani. Inspekta Mkubwa ndiye wa kwanza kufika. Suruali bado imeloa magotini kwa kuvuka hori la bahari kwa miguu, akauvunja mlango kwa bega lake mwenyewe, akageuka akawatangazia watu: mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Dirisha halipiti hata paka. Miguu ya maiti ina maji ya chumvi. Maiti imeshakuwa baridi, lakini kandili inawaka na mafuta yamejaa pomoni.

"Naam," wakasema watatu.

"Naam," ikasema ngazi.

Bi Time, mjane wa nyumba ya pili, aliacha kutafuna tambuu. "Masoud, mwanangu. Juu kuna mtu?"

"Juu kuna panya, Bi Time."

"Panya wa kwenu anasema naam?"

"Hadithi yangu hata panya anaielewa. Wewe ndiye unayeuliza maswali."

Wakacheka. Mwanapili hakucheka. Aliigeuza shingo kuelekea ngazini, akavuta hewa puani. Palikuwa na harufu, si ya uvundo, ya chumba kilichofungwa miaka kisha kikafukizwa udi jana.

Siku zilizofuata ile naam ilizidi kukaribia. Kwanza ilikuwa juu kabisa, nyuma ya kufuli. Kisha ilikuwa kwenye kona ya ngazi. Kificho akaanza kukaa karibu na mlango wa barabarani, akisingizia joto. Na Masoud, nakwambia, alifurahi. Alikuwa na wasikilizaji watatu na mmoja wa bure. Akawa anainua sauti ili ifike juu.

Tatizo lilikuwa hadithi. Ilimshinda. Alimtia ndugu wa marehemu, kiguru, mguu mmoja haukunjiki. Akamtia mke mdogo, akampeleka arusini Kiwengwa akaimba mpaka kukapambazuka. Akamtia mpishi. Kila anayetaka kumfanya muuaji, yeye mwenyewe alikuwa ameshamfungia njia kwa maneno yake, na hakumbuki alimfungia wapi. Alasiri moja, ametoka foleni ya mkate mikono mitupu, alikaa kwenye cherehani na uso umemkunjika.

"Ile ya mwenye tanu basi," akasema. "Imenichosha. Leo nawapa mpya."

"Basi vipi?" akasema Kificho. "Nani kamuua?"

"Kafa. Watu hufa. Ya leo ni moto, sikilizeni..."

"Masoud," Bi Time alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Hadithi iliyofunguliwa nyumbani hufungwa humohumo nyumbani. Hata bibi zetu, usingizi ukiwazidi, husema neno moja wakaifunga, kisha wakaifungua kesho. Wenye nyumba hii walikuwa wakikaa juu alasiri kama hizi, wakisimuliana, na kwenye ngazi huweka kijisahani cha halua na ubani. Mimi nilikiona kwa macho yangu. Unafikiri kilikuwa cha paka?"

"Basi mpelekee hiyo halua, kama umeiona foleni yake."

Akakanyaga pedali. "Mji ule palikuwa na msichana," akaanza, "na msichana yule..."

Hapakuwa na naam. Hata Mwanapili hakuitikia. Na katika kimya kile, pale kwenye kona ya ngazi, sauti isiyokuwa ya mwanamume wala ya mwanamke ikauliza polepole, kama mtu aliyekaa mno mahali pa kungojea:

"Ikawaje?"

Kificho hakuaga. Bi Time alisoma aya aliyoijua, akaianza tena mwanzo. Masoud alibaki na mguu juu ya pedali haukanyagi, na Mwanapili akainuka. Si kwamba hakuogopa. Kofia ilimponyoka mkononi. Lakini swali lile lilikuwa lake, neno lake, hamu yake mwenyewe imetoka kwenye kinywa cha mwengine, na akajiona kama mtu aliyemkuta mwenziwe kwenye foleni ndefu ya watu asiowajua.

"Mwanapili, rudi," Masoud alinong'ona.

"Mimi pia nataka kujua," akasema, akapanda daraja la kwanza. La pili. Kwenye kona akasimama, akachungulia juu penye giza.

Sauti ikamwita jina lake.

Na yeye, aliyelelewa na mama aliyemwonya tangu hajaota meno kwamba sauti usiyoona mdomo wake haiitikiwi, aliitika kwa mazoea ya kila alasiri. "Naam," akasema.

Aliposhuka alikuwa akitembea vizuri. Alikaa mkekani, akaikunja miguu, akaweka mikono mapajani. Macho yalikuwa wazi, hayapepesi. Masoud akamshika bega, akalikuta baridi kama jiwe la birika la msikitini.

"Mwanapili?"

"Ikawaje?" akasema Mwanapili, kwa sauti ile nyingine.

*

Hakula. Hakulala. Akiletewa uji anautazama kama kitu asichokijua kazi yake, na midomo inafunguka: ikawaje. Usiku Masoud alijilaza ubavuni pake akageukia ukutani, na kila anapotaka kushikwa na usingizi harufu ya udi inapita juu ya uso wake, na sauti inamfika sikioni si kwa ukali, si kwa vitisho, bali kwa subira ya kutisha, subira ya kitu ambacho hakina kesho ya kuwahi wala njaa ya kukisukuma, ikauliza tena na tena na tena lile neno alilokuwa akilipenda kuliko maneno yote, mpaka akaliziba sikio kwa kitambaa, na kitambaani pia likawamo.

Akampeleka hospitali, akapewa dawa ya homa. Hakuwa na homa. Mashavu yakaanza kuingia ndani, mifupa ya mikono ikahesabika. Mama yake Mwanapili alikuja kutoka Mwanakwerekwe, akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akasema, "Nilimwambia aolewe na mwenye duka la vyungu."

Bi Time ndiye aliyemleta Bi Khamisa, mganga wa asili ya Tumbatu, mwanamke mfupi mwenye haraka, aliyeingia akilalamika makaa yamepanda bei.

"Shikamoo, Bi Khamisa."

"Marahaba. Wewe ndiye mume? Mdomo wako nimeusikia mpaka Mwembetanga. Leo uutumie kwa adabu."

Ilikuwa alasiri, saa zilezile za hadithi. Bi Time na mama yake Mwanapili wakakaa ukutani, Bi Khamisa akafunga mlango wa barabarani, akamkalisha Mwanapili kwenye kigoda, akamfunika shuka nyeupe, akatia ubani kwenye chetezo. Moshi ulipanda, ukafika kwenye boriti, halafu, wote waliuona, ukainama ukaelekea ngazini kama unaovutwa na mtu anayeuvuta puani.

"Sikiliza," Bi Khamisa alimwambia Masoud pembeni. "Atataka kitu. Wote hutaka. Kuku, pete, halua, nguo nyekundu. Wewe usiahidi. Mimi ndiye nnayejua bei zao, nshakuwa nao miaka. Ukisema ndiyo kabla yangu, ndiyo yako imekwenda, hairudi."

"Nimekusikia."

"Wanaume husikia. Kisha husema ndiyo."

Akarudi kwa mgonjwa. "Assalamu alaykum. Uliyekalia kiti hiki, wewe nani?"

Chini ya shuka sauti ikajibu: "Msikilizaji."

"Umetoka wapi?"

"Juu. Nilikuwako tangu nyumba haina chokaa. Walikuwa wakinisimulia. Wakaondoka. Nikakaa na kimya. Akaja huyu."

"Unataka nini? Kuku mweupe?"

"Sitaki kuku."

"Halua?"

"Nani alimuua mwenye tanu?"

Bi Khamisa akageuka polepole. Kazi ile alikuwa ameifanya tangu ujana, alishapambana na wa baharini, wa mizimuni, wa makaburini, mmoja aliyetaka saa ya mkononi, lakini hili hakuwahi kuulizwa. "Masoud," akasema kwa sauti ya chini. "Nani alimuua mwenye tanu?"

Masoud akalowanisha midomo. Mwanamume mwenye hadithi za mji mzima, akatazama chini kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyesahau kuhifadhi. "Nduguye," akasema. "Yule kiguru. Alipanda paa, akatoboa makuti, akashuka kwa kamba."

"Mguu wake mmoja haukunjiki," ikasema shuka. "Ulisema. Hawezi kupanda hata kitanda."

"Basi mkewe. Kwa sumu."

"Mkewe alikuwa arusini. Ulimwimbisha mpaka kukapambazuka. Ulituimbia na nyimbo zenyewe."

"Mpishi, basi," akasema Masoud, na jasho limemtoka mpaka kwenye masharubu.

"Mpishi ulimuua Jumatano. Umesahau."

Bi Time, pamoja na hofu yote, aliitikia kwa kichwa. Ni kweli. Mpishi alizikwa.

Hapo harufu ikabadilika. Udi ukaondoka, na badala yake ikaja harufu ya chokaa mbichi, ya kaburi linalochimbwa, na boriti za dari zikaanza kulia moja baada ya moja kutoka mwisho wa chumba kuja katikati, kama mtu mzito anatembea juu yake kwa magoti, na vumbi likamwagika juu ya cherehani, juu ya majora, juu ya shuka nyeupe, na shuka ile ikaanza kuinuka bila ya aliye ndani yake kusimama, ikirefuka, ikirefuka, mpaka ikawa ndefu kuliko Mwanapili alivyowahi kuwa, na kutoka kule juu ilikofika sauti ikasema bila ya kupanda wala kushuka:

"Nimengoja. Nimesema naam kila uliponitaka niseme. Ikiadhiniwa Magharibi na hujafunga ulichokifungua, nitapanda naye, na huko juu tutangoja wawili."

"Sijui," akasema Masoud.

Hakulisema kwa adabu. Lilimtoka kwa hasira, hasira ya foleni zote na ya usiku wote. "Sijui, umesikia? Sikuwahi kujua. Nilikuwa nasema tu. Hakuna anayejua."

Boriti zikanyamaza.

"Yuko anayejua," ikasema sauti. "Nimekaa naye humu ndani. Ameshajua zamani. Kila akitaka kusema, ulimwambia nyamaza, usikisie, sikiliza."

Ni kweli. Mwanapili akiinua kidole kutaka kukisia, Masoud humkata. Hadithi ni yangu, humwambia. Wewe kazi yako naam.

"Mpe ulimi aseme," akasema Bi Khamisa haraka.

"Nikimpa ulimi, nimetoka. Siondoki mikono mitupu."

"Taja."

"Naondoka na hamu yake ya hadithi."

Bi Khamisa akainua mkono, kiganja wazi, asubiriwe. Alikuwa akifikiri. Lakini nje palishasikika watu wakitawadha msikitini, maji yakimwagika, mtu akikohoa kusafisha koo kabla ya adhana, na Masoud akapiga hesabu yake ya kifundi, ya upesi na ya bega moja juu. Si jicho. Si mguu. Si uzazi. Hamu! Nani alishazikwa kwa kukosa hamu?

"Chukua," akasema.

Chetezo kikamponyoka Bi Khamisa mkononi. Makaa yakatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeyaokota.

Shuka ikashuka. Chini yake Mwanapili akavuta pumzi ndefu kama aliyetoka kuzamia, akaiondoa usoni, akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa yeye. Amekonda, midomo imepasuka, lakini macho yalikuwa yanang'aa kama ya mtu aliyebebeshwa siri nzito na sasa ameambiwa atue.

"Mniitikie," akasema.

"Naam," wakasema.

"Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Nani aliyesema?"

Wakatazamana. "Inspekta," akasema Bi Time.

"Nani mwengine aliyeliona hilo komeo?"

Hakuna. Hakuna hata mmoja.

"Mwenye tanu hakufia kitandani. Alifia ufukweni, ndiyo miguu ikawa na maji ya chumvi. Aliyemzamisha aliingia majini naye, mpaka magotini. Nani aliyefika asubuhi suruali imeloa magotini?"

"Naam," akanong'ona Bi Khamisa, amesahau kuwa yumo kazini.

Mwanapili alisimulia, na bwana, hapo ndipo Masoud alipojua kwamba yeye hakuwa kitu. Hakutupa neno hata moja. Alimbeba yule maiti kutoka pwani kwa migongo ya watu waliokuwamo mle chumbani, kila mmoja akahisi uzito wake. Alimlaza kitandani. Akajaza kandili kwa mkono wa muuaji usiotetemeka, alfajiri, mtu mwenyewe ameshapoa, ili apate mwanga wa kumweka sawasawa, mto hapa, mkono pale. Akaurudisha mlango usio na komeo. Kisha kulipokucha akamleta mtu yuleyule, wa kwanza kufika, akaupiga kwa bega mlango uliokuwa wazi, akauvunja mbele ya watu, akageuka.

"Inspekta Mkubwa," akasema Masoud. "Haiwezekani. Kwa nini amuue?"

Mwanapili alimtazama mumewe kwa huruma, na ilikuwa mara ya mwisho kumtazama hivyo.

"Mji mdogo hauna kazi ya inspekta," akasema, "mpaka mtu afe."

Mwanzo wa ngazi ikasikika pumzi ikishushwa, ndefu, ya raha, ya mtu aliyeshiba baada ya miaka. Nyayo zikapanda ngazi moja moja, bila ya haraka. Kwenye kona zikasimama kidogo, kama mtu anayebadilisha mkono aliobebea mzigo, zikaendelea. Mlango wa juu uligongana na fremu yake, na kufuli lilikuwa bado limefungwa. Adhana ikaanza.

Mwanapili akaomba maji. Akanywa kata nzima. Akaomba uji, akala, na mama yake akalia na kucheka kwa wakati mmoja. Masoud alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono, na mikono ilikuwa na joto.

Bi Khamisa alikusanya vitu vyake bila ya kumtazama mtu. Mlangoni akamwambia Masoud kwa sauti ya chini, "Kuku mmoja mweupe na halua ratili moja. Angekubali. Nilikuwa nataka kumwambia hivyo."

*

Mwanapili alinenepa. Rangi ikarudi. Alicheka na majirani, akagombana na muuza samaki, akamrekebisha Masoud bei za nguo. Mtu aliyemwona Darajani hakuona kitu kilichopungua. Masoud aliwapitia wote kifua mbele: mke wangu nimemtoa kwenye makucha ya jini mimi mwenyewe, kwa mdomo huu.

Akafungua duka tena baada ya Alasiri. Kificho akarudi, Bi Time akarudi, na wengine wakaja waliosikia habari, wakajaa mpaka kizingitini. Masoud alijitayarisha. Safari hii alikuwa na mwisho, ameupika usiku, ameupima kila upande kama kanzu ya mkubwa. Akakanyaga pedali.

"Mji mdogo," akasema, "na kisima kimoja. Na asubuhi moja mwanamke wa kwanza kuteka maji, akivuta ndoo, akaiona nzito. Akavuta. Akavuta. Ikatokeza juu, na ndani ya ndoo palikuwa na..."

Akanyamaza. Watu walikuwa wameinama mbele, vinywa wazi. Akamtazama Mwanapili ubavuni pake.

Mwanapili alitia uzi kwenye sindano. Akaukata kwa meno. Akainua uso, akaona anatazamwa, akatabasamu kwa upole kama mtu unavyomtabasamia mgeni asiyejua lugha yako. "Nini?" akauliza. "Unataka mkasi?"

"Ndani ya ndoo, Mwanapili. Palikuwa na kitu."

"Aa," akasema. "Haya." Akarudi kwenye kofia yake.

Masoud akaondoa mguu kwenye pedali. Alikuwa na mwisho, mwisho wa kwanza wa kweli maishani mwake, na haukuwa na pa kwenda. Akamsogelea, akashusha sauti, akamwambia yeye peke yake kama siku zile za uchumba, taratibu, neno kwa neno, na Mwanapili aliendelea kupitisha sindano, juu, chini, juu, uso wake mtulivu kama sinia lililooshwa.

Na juu ya vichwa vyao, nyuma ya kufuli, sauti ya mwanamke ikauliza. Haikuwa ile ya kwanza. Ilikuwa ndogo, ya haraka, yenye pumzi imeshikwa kifuani, na hakuna aliyekuwamo mle dukani asiyeitambua, maana mwenyewe alikuwa amekaa pale pale mkekani, midomo imefungwa.

"Ikawaje?"

Watu walisimama, wakakanyagana mlangoni. Kificho aliacha kiatu. Bi Time akamvuta Mwanapili kwa mkono, naye akamwuliza kuna nini, mbona mnakimbia, akaichukua kofia yake akatoka naye kwa hatua za kawaida.

Masoud alibaki. Alikaa na mkono juu ya gurudumu la cherehani, akasikiliza, na kule juu ile hamu ilikuwa ikingoja, naye akiijua, akiijua mpaka inavyoshika pumzi. Akainua uso kuelekea kwenye boriti.

"Ndani ya ndoo," akasema polepole, "palikuwa na mkono."